Bei ya Jina Mgongoni

Jezi ilifika Jumanne jioni, na mwanangu aliuchana mfuko kwa meno kabla sijampa mkasi. Ilikuwa jezi ya kijani ya timu ya hoki ya barafuni, Minnesota Wild, nembo kifuani, namba 1 mgongoni, na juu ya namba hiyo jina letu: MONGARE. Aliiinua mbele yake, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Mama, hawa ni kina nani?"

Sisi ni kina Mong'are. Anayesoma Kiswahili hahitaji kuelezwa: ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ni sauti mbili, na jina la marehemu babu yake lina ile ya ng'ombe. Kisanduku cha kuandikia jina kwenye tovuti ya muuzaji kiliimeza ritifaa bila kunionya. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, macho mazito, nikabonyeza kulipa. Nilipowaandikia, jibu lilikuja kwa adabu: nguo iliyowekwa jina haibadilishwi wala hairudishwi. Dola 205 zilikuwa zimekwenda, na mtoto alikuwa na jezi ya ukoo mwingine.

Minnesota hujiita Jimbo la Hoki, na wana haki ya kujiita hivyo. Mashindano ya wavulana wa shule za upili yalianza 1945, na kila Machi mji wa St. Paul hujaa mabasi ya wanafunzi kutoka miji midogo iliyo karibu na mpaka wa Kanada. Watoto wetu waliozaliwa huku, wa Wakisii, wa Wasomali, wa Wakongo, wanakua wakiyaona maziwa yakiganda na wenzao wakiteleza juu yake kwa magongo. Siku inafika mtoto anasema anataka jezi. Wewe uliyelelewa na soka ya Shabana au Gor Mahia unafikiri ni fulana tu, jambo la kumalizwa njiani ukitoka sokoni. Kisha unaiona bei, na unagundua ni zamu nzima ya usiku, wakati mwingine zamu mbili.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Kisii, kwenye varanda ya duka la mtu, na kabla hajaniruhusu kuuliza bei ya nguo yoyote alinitaka niigeuze ndani nje. Tangu jezi ile ifike nimefanya hivyo katika maduka mengi, ya uwanjani, ya kwenye majumba ya biashara, ya mitumba, hadi wauzaji wengine wameanza kunitazama. Nilichokiona ni hiki: kwenye jezi ya hoki, kitambaa kinauzwa kwa bei inayoeleweka, lakini herufi ndizo zinazokula pesa ya mtu. Nunua jezi tupu. Jina liache kwanza, na ukilitaka, lipeleke kwa fundi unayeweza kusimama mbele yake mkazungumza.

Tuanze na jezi tupu. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina timu 32, na mavazi yake yamepita kwa watengenezaji watatu katika miaka ya karibuni. Reebok ilianza msimu wa 2007–08, Adidas ikaingia 2017–18, na tangu 2024–25 kazi ni ya Fanatics. Shika tarehe hizo tatu kichwani. Nembo ya mtengenezaji hukaa nje ya shingo, upande wa nyuma, kwa hiyo hata kwenye rundo la mitumba unaweza kujua jezi ni ya enzi gani kabla hujaichomoa.

Dukani leo kuna madaraja matatu. La chini linaitwa Breakaway, na kwa bei nilizoziona mimi huwa kati ya dola 130 na 150 bila jina. Kitambaa chake ni chepesi, kinaning'inia vizuri mwilini, na nembo ya kifuani ni nyembamba ili isimchome mtu akikaa. La kati linaitwa Premium, nalo hukaribia dola 200. Hapo kitambaa ni kizito zaidi, nembo imejaa, na namba ukiziagiza hushonwa. La juu linaitwa Authentic Pro, jezi ile ile inayovaliwa barafuni, na bei yake hupita dola 350 kabla hujaweka hata herufi moja. Hiyo hushonwa na SP Apparel huko Saint-Hyacinthe, Quebec, kiwanda kilichozishona jezi za wachezaji hata enzi za Reebok na za Adidas. Nembo za nje zimebadilika. Mikono ya mafundi ni ile ile. Mwaka Fanatics ilipoingia watu wengi waliogopa kwamba wachezaji watavaa vitambaa hafifu, lakini kilichobadilika zaidi ni rafu ya mashabiki.

Niliivaa Authentic Pro dukani juu ya sare yangu ya kazi. Ni nguo ya kazi kweli. Viwiko vina kitambaa cha ziada, mishono ni mizito, na ndani kwenye pindo la nyuma kuna mkanda wenye kifungo. Mkanda huo hufungwa kwenye kaptura ili wachezaji wakipigana mmoja asimvute mwenzake jezi hadi kichwani. Katika miaka ya 1990 Rob Ray wa Buffalo Sabres alikuwa na tabia ya kuivua jezi akianza ngumi, mpinzani akabaki hana pa kushika, na ligi ikaweka kanuni: anayepigana bila jezi yake kufungwa vizuri, kisha ikamvuka, anatolewa mchezoni. Adidas iliuweka mkanda huo hata kwenye jezi za mashabiki, na watu wanaupenda. Mimi pia naupenda, kwa sababu ni mahali pazuri pa kukagua mshono. Ukikuta umeshonwa ovyo, uzi umelegea, pembe hazikukaza, usiendelee kutazama nembo.

Lakini kwa mtu wa kukaa kwenye viti, Authentic Pro ni pesa ya kutupa. Mabega yake yamekatwa yapokee kinga za plastiki, na asiye na kinga hizo anaonekana kama mtoto aliyevaa koti la baba. Kama mwanao anacheza na unataka jezi itakayomeza kinga, hapo tunaweza kuzungumza, ingawa hata klabu za watoto hazivai kitu cha bei hiyo. Premium ndiyo ningeichagua kwa mtu mzima anayetaka kuvaa jezi miaka 10. Breakaway inamtosha anayetaka kwenda uwanjani mara mbili kwa mwaka, mradi asiiandike kitu.

Watoto wana rafu yao, na jezi nyingi za rafu hiyo hutengenezwa na Outerstuff. Saizi zimeunganishwa mbili mbili, ndogo na ya kati pamoja, kubwa na kubwa zaidi pamoja, na bei ni nafuu kuliko ya watu wazima. Sikushauri uandike jina kwenye jezi ya mtoto wa miaka 8. Jezi tupu hurithiwa na mdogo wake, kisha binamu, kisha inaingia kwenye begi la kwenda nyumbani Desemba. Yenye namba ya mchezaji aliyehamishwa hakuna anayeigombania.

Sasa herufi. Namba za jezi nzuri hukatwa kutoka kitambaa kigumu cha poliesta chenye mistari ya mshazari, mfano wa kitambaa cha suruali ya jinzi lakini chenye kung'aa. Huwa tabaka mbili au tatu, moja juu ya nyingine, ya juu ndogo kidogo ili ya chini ionekane kama ukingo. Halafu mashine hupita kando kando kwa mshono wa zigizaga, uliobanana, usioacha hata upenyo wa kupitisha ukucha. Jina lina utaratibu wake. Kwenye timu nyingi herufi hushonwa kwanza juu ya kipande kirefu cha kitambaa cha jezi, kisha kipande hicho ndicho hushonwa mgongoni. Mchezaji akihamishwa, kinafumuliwa na kuwekwa kingine. Detroit Red Wings hawafanyi hivyo. Herufi zao hushonwa moja kwa moja mgongoni, kwa upinde ambao kila herufi imesimama wima na imekatwa kwa kipimo chake mwenyewe, kwa hiyo anayetaka jina la Detroit lililo sahihi atafute fundi anayeijua timu hiyo, na atalipa zaidi.

Njia nyingine ni gundi. Herufi zinawekwa, mashine ya pasi inashuka, sekunde kadhaa, kazi imekwisha. Kuna gundi nzuri, na hata anayeshona huanza kwa kushika na gundi kidogo. Tatizo ni pale gundi inapokuwa peke yake. Jezi ya mwanangu ilikuwa hivyo. Niliigeuza ndani nje nikakuta mgongo mtupu, hakuna alama hata moja ya uzi, ni vivuli tu vya herufi vilivyojitokeza upande wa pili. Baada ya kufuliwa mara nne pembe ya chini ya namba 1 ilianza kuinuka. Nilikuwa nimeifua kwa maji baridi, nimeianika kwenye kiti, sikuitia kwenye mashine ya kukaushia hata mara moja. Tofauti ya bei kati ya gundi na uzi haikuwa imeandikwa popote. Tovuti ilisema tu kwamba jina linawekwa kitaalamu.

Kwa hiyo ukitaka kununua jezi yenye jina, swali la kwanza kwa muuzaji liwe moja tu: zimeshonwa au zimebandikwa? Asipojibu kwa neno moja kati ya hayo mawili, funga pochi. Swali la pili liwe nani anashona, na wapi. Duka la uwanjani la timu kwa kawaida lina mashine zake au fundi wake, na unaweza kuona kazi iliyokwisha ikining'inia. Faida nyingine ya kununua huku kwetu ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye mavazi, kwa hiyo bei ya kwenye kibandiko ndiyo unayolipa. Ndugu zangu walioko Ontario huongezewa asilimia 13 kwenye jezi ya mtu mzima, na kwa jezi yenye jina hiyo si pesa ya chai.

Majina yenyewe mgongoni si ya zamani sana. NHL iliyalazimisha kwa timu zote kuanzia msimu wa 1977–78. Harold Ballard, mwenye Toronto Maple Leafs, aliogopa kwamba watu wataacha kununua kijitabu cha mechi chenye orodha ya wachezaji, akagoma, na alipobanwa na ligi akaamuru majina ya buluu yashonwe juu ya jezi za buluu. Yalikuwepo, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Tangu mwanzo, basi, jina la mgongoni lilikuwa jambo la biashara, na aliyelijua hilo mapema ni mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza.

Ukiamua kuweka jina, ni la nani? Hapa ndipo nimeona watu wakipoteza pesa nyingi kuliko kwenye gundi. Tarehe 4 Julai 2012, Zach Parise na Ryan Suter walitia saini na Wild siku moja, kila mmoja mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 98. Jimbo zima lilikimbilia namba 11 na namba 20. Nani angeogopa mkataba wa miaka 13? Julai 2021 timu iliinunua mikataba yote miwili na kuwaachilia pamoja, siku moja kama walivyokuja. Leo nikiingia duka la mitumba lolote St. Paul natafuta kwanza rafu ya kijani, na sijawahi kukosa Parise. Jezi ni nzima, mshono ni mzuri, mwenyewe ndiye hakupenda tena kuivaa.

Sasa hivi kila mtoto anataka Kaprizov, namba 97. Mwaka 2025 alitia saini nyongeza ya miaka 8 kwa dola milioni 136, na kwa macho yangu ni mchezaji mtamu kuliko yeyote aliyewahi kuvaa kijani hiki. Kama moyo wako uko kwake, mnunulie mtoto Kaprizov na usijute. Mimi nasema tu kwamba mkataba hulinda pesa za mchezaji, hauilindi jezi yako.

Jina lisilohama ni la aliyekwisha kustaafu na namba yake kuning'inizwa. Wild waliipandisha namba 9 ya Mikko Koivu mwaka 2022. Boston Bruins waliipandisha namba 22 ya Willie O'Ree mwaka huo huo, tarehe 18 Januari, siku ile ile aliyoingia barafuni 1958 akiwa mchezaji wa kwanza Mweusi katika NHL. Mwanangu alipojua habari za O'Ree aliacha kuniuliza kama hoki ni ya watu kama sisi. Namba 99 ya Wayne Gretzky imestaafishwa na ligi nzima tangu 2000, kwa hiyo hakuna mchezaji atakayekuja kukuharibia.

Kuhusu kuweka jina lako mwenyewe, kuna mashabiki wanaoona ni ushamba. Siwafuati. Mzazi aliyevuka bahari, ambaye jina lake hutamkwa vibaya hospitalini, shuleni na kwenye foleni ya leseni, ana haki ya kuliona likiwa limeshonwa vizuri mahali fulani. Swali ni namba gani. Wachezaji huruhusiwa 1 hadi 98, na shabiki anaweza kuchagua yoyote, lakini akichagua ya mchezaji aliyepo inakuwa kama mtu aliyekosea. Kwa bahati Wild wana jibu ambalo timu nyingi hazina. Tangu walipoanza kucheza mwaka 2000 waliitundika namba 1 kwa heshima ya mashabiki, na hakuna mchezaji wa Wild anayeivaa. Ndiyo maana mwanangu aliichagua. Hilo tulilipatia.

Kwa bei, duka kubwa huongeza kati ya dola 40 na 80 kwa jina na namba, kutegemea daraja la jezi. Fundi wa mtaani anayejua kazi hiyo aliniambia dola 80 kwa namba ya mgongoni, za mikononi na jina, kila kitu kimeshonwa. Ukitazama haraka unaona fundi ni ghali. Lakini fundi unampelekea jezi uliyoinunua popote, hata iliyovaliwa, na hapo hesabu inageuka. Jezi ya Adidas ya daraja la mashabiki, iliyokuwa dola 180 hivi ikiwa mpya, niliipata tupu kwenye mitumba kwa dola 65, kijani bado kimeiva, mkanda wa ndani haujawahi kufungwa. Ongeza 80 za fundi, ni 145. Ile ya mtandaoni iliyobandikwa kwa gundi, isiyo na ritifaa, ilikuwa 205.

Adidas hizo ziko nyingi tangu ligi ibadilishe mtengenezaji, na kwangu ndio ununuzi bora wa sasa. Hukatwa nyembamba kuliko Breakaway, kwa hiyo anayevaa sweta chini aongeze saizi. 50 ni ya kati, 52 kubwa, 54 kubwa zaidi, na 51 haipo. Kibandiko cha ndani cha zile za mashabiki huandikwa Indonesia, na cha zile za wachezaji huandikwa Kanada. Ukikuta mtumba wenye kibandiko cha Kanada kwa dola 60, usiulize mara mbili. Kuna pia jezi zilizovaliwa mchezoni, zinazouzwa na timu zikiwa na uthibitisho, kwa mamia na maelfu ya dola. Niliwahi kuonyeshwa moja yenye michirizi myeusi ya magongo mkononi, na kwapani kiraka kilichoshonwa usiku na mhudumu wa vifaa ili mchezaji aendelee kesho yake. Sikuwa na pesa hizo. Kile kiraka kiliniuma, kilikuwa safi kama kazi ya baba.

Bandia ziko kila mahali, na anayekuuzia jezi mpya yenye jina lililoshonwa kwa dola 45 anakuuzia bandia, hata aape. Itazame nembo ya Wild. Ni kichwa cha mnyama, lakini ndani yake ni msitu. Mdomo ni mto, na jicho ni Nyota ya Kaskazini. Kwenye jezi halisi nyota ile ina ncha zake. Kwenye bandia niliyoletewa na jirani, jicho lilikuwa kidoa tu. Geuza: nyuma ya nembo kulikuwa na karatasi ngumu iliyofanya kifua kikunjamane, na kati ya herufi na herufi uzi ulikuwa umeruka bila kukatwa, kama mtu aliyekuwa akikimbizwa. Jirani alijua, akasema ni ya kuvaa nyumbani. Sawa. Lakini aliyeshona vile hakulipwa kwa kushona vizuri, na hilo siwezi kulivaa.

Usisahau timu ya wanawake. Ligi ya PWHL ilianza Januari 2024, na msimu ule wa kwanza timu hazikuwa hata na majina, jezi za Bauer ziliandikwa mji au jimbo tu, MINNESOTA kwa mshazari kifuani. Timu yetu, sasa Frost, ilichukua kombe mwaka huo na mwaka uliofuata. Ukiikuta ile jezi ya kwanza popote, inunue, tupu hivyo hivyo.

Vitu vidogo nitavipita upesi. Kofia ya marvin ya sufu yenye nembo ni dola 30 na inavaliwa miezi mitano ya mwaka, kwa hiyo kwa siku ni rahisi kuliko jezi yoyote. Skafu mtoto huipoteza. Vikombe ni vikombe. Bora kabisa kwa bei ni kisahani chenyewe kinachochezewa, mpira mgumu mweusi wa kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi, wenye nembo ya timu, kwa dola 10 au chini ya hapo. Vingi hutengenezwa Slovakia, geuza utaona. Ni kitu cha kweli, kina uzito mkononi, hakichakai, na ndicho ninachowapelekea wapwa zangu Kisii. Mmoja alikiweka kwenye meza ya mwalimu akaulizwa kama ni kipuri cha gari.

Msimu ukiisha Aprili, kisha mwishoni mwa Novemba, bei hushuka. Jezi za mchezaji aliyehamishwa hushuka zaidi, na fundi mzuri anaweza kulifumua jina, ingawa kivuli chake kitabaki kwa muda kwenye kitambaa cha kijani.

Fundi wangu nilimpata kupitia mfanyakazi mwenzangu. Ni mama wa Kihmong, wa rika la mama yangu, ana chumba kimoja St. Paul chenye mashine tatu na dirisha linalotazama kituo cha basi. Nilimpelekea zote mbili, ile ya Adidas ya kushonewa jina na ile yenye jina lisilo letu. Ya Adidas aliishika, akaigeuza ndani nje kabla hajasema neno. Nikajua nimefika.

Ile nyingine aliilaza mezani, akapitisha kidole chini ya pembe iliyoinuka, akaguna. Alisema namba ataishika kwa uzi pembezoni, lakini kitambaa ni chepesi, kitakunjamana, hivyo ataweka karatasi ya kushikiza kwa ndani na kuichana baadaye. Kisha akauliza kasoro ni nini kwenye jina. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, na ritifaa. Nikalitamka, MONGARE na Mong'are, moja baada ya nyingine. Aliyasikiliza yote mawili. Akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika mezani: Hmoob. Akaniambia ndivyo wao wenyewe wanavyoandika jina la kabila lao, kwamba ile b ya mwisho haitamkwi, inaonyesha mlio wa sauti tu, na zile o mbili zinabeba sauti ile ile ya puani niliyokuwa nikimtafutia mahali.

Nilimuuliza kama kuna nafasi, maana herufi zimebanwa. Aliitazama G, akaitazama A. A ina mabega membamba, alisema, juu yake hapakai kitu. Akachukua kibaki cha kitambaa cheupe cha namba, akakata kipande kidogo kama punje ya mchele, chenye mkia. Akakishika kwa ncha ya sindano juu kati ya G na A, akashusha mguu wa mashine, na kuzungusha zigizaga kwa gurudumu la mkono, tundu kwa tundu, bila kukanyaga umeme.

Kwa ile ya mtandaoni alinitoza dola 12. Mwanangu aliivaa ndani ya gari, juu ya koti.